Siku, Wiki na Mwezi

Mashine ilikuwa imevishwa kitambaa cha kufuma, kana kwamba ni kochi la wageni. Ciku alipokiinua, vumbi likampanda puani, akapiga chafya tatu mfululizo, na hapo ndipo alipoamini kwamba kweli ni yenyewe. Sanduku pana, fupi, la rangi ya uji uliopoa. Juu yake skrini nene yenye kisogo kirefu. Ubavuni, karatasi ndogo iliyobanduka pembe moja, imeandikwa kwa wino mwekundu: SIKU.

"Ndio hiyo, Auntie," Ayoo alisema. "Baba alikataa kabisa iguswe."

Ayoo alikuwa kitinda mimba wa Mzee Oketch, muuguzi wa miaka arobaini kasoro kidogo, na tangu alfajiri alikuwa akipakia maisha ya babake kwenye magunia. Oketch alikuwa amezikwa kwao Ugenya mwezi uliotangulia. Vyumba viwili alivyokuwa amepanga hapa Huruma kwa zaidi ya miaka ishirini vilitakiwa viwe vitupu kufikia saa sita mchana, maana mpangaji mwingine alishapatikana. Nje ya geti, Ephantus, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, alikuwa ameegesha mkokoteni wake akisubiri kwa adabu ya kuudhi. Kila alichokataliwa alikitazama tena baada ya dakika tano, asije mtu akawa amebadilisha nia.

Kuhusu mashine hii mzee alikuwa ameacha neno moja tu: isiondoke kabla Ciku hajaifungua.

Na tuseme wazi kilichomtoa Ciku kwake Kimumu Jumamosi asubuhi, na magoti yake yale mabovu. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na blanketi.

Kwa miaka kumi na mitano Ciku alikuwa mchoraji katika kiwanda cha blanketi cha hapa mjini. Alianza na karatasi za mirabaraba na penseli za rangi, kisha mwaka wa tisini na nne zikaja kompyuta tatu za Unix, naye akafundishwa upya akiwa na mimba ya miezi saba. Blanketi alizochora zililaliwa kuanzia hapa hadi Turbo na Nandi Hills. Watoto walizaliwa juu yake, na wazee wakaagwa chini yake. Halafu mwaka wa elfu mbili kiwanda kikafungwa bila hata kuagana. Michoro ya karatasi ikachomwa nyuma ya boila la mvuke, na zile blanketi zenyewe zikachakaa, zikaishia kuwa malazi ya mbwa. Mchoro wake wa mwisho, alioupa jina Timboroa kwa sababu ya kwao alikozaliwa, aliumaliza juma lile lile geti lilipotiwa kufuli. Haukufumwa hata uzi mmoja.

Siku hizi akiwaambia wajukuu kwamba cucu wao alichora blanketi kwa kompyuta kabla baba yao hajaiona simu ya mkononi, wanasema, "Wow, cucu," kisha wanarudi kwenye simu zao. Hawambishii. Ni kwamba hana cha kuwaonyesha. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri, hata kwa marehemu Njenga mumewe. Kama mchoro ule ungalipo popote duniani, ulikuwa humu, katika mashine pekee ambayo Oketch aliiokoa kiwanda kilipofungwa.

"Iliwaka lini mara ya mwisho?" aliuliza.

"Mwaka juzi, kabla apate stroke. Kila Krismasi alikuwa anaiwasha, anaiangalia tu hivi, halafu anaizima. Lakini hiyo mara ya mwisho ilimkatalia. Anaweka password, inakubali, halafu inamrudisha mwanzo. Mara tatu. Akakaa chini hapo kwa simiti akaniambia, 'Ayoo, nimeiharibu.' Si alikuwa karibu kulia, Auntie."

Miaka miwili iliyopita walikuwa wamekutana sokoni, Ciku na Oketch, kila mmoja na kikapu chake. Oketch alimwambia mashine bado anayo, aje aione. Naye Ciku alisema atakuja, bila shaka atakuja, kwa sauti ile tunayoitumia sote tunapojua hatutakwenda. Sasa alikuwa amekuja, na aliona haya.

Ayoo alimpa daftari la kurasa mia moja, jalada limekatika na kushonwa kwa uzi. Ciku alilitambua kabla ya kuvaa miwani. MAAGIZO YA SIKU. Oketch, aliyekuwa fundi mkuu wa kompyuta pale kiwandani, aliliandika mwaka wa tisini na tano malaria ilipokuwa inamwangusha, ili Ciku aweze kuziendesha mashine zote tatu bila yeye. Aliziendesha wiki tatu nzima na kiwanda hakikusimama hata saa moja. Hilo pia hakuwa na cha kulithibitishia.

Akabonyeza swichi. Feni ikaanza kuvuma, sauti ile ile, na moyo wake ukaruka kwa furaha ya kijinga. Lakini diski haikuzunguka. Ilikuwa ikigonga tu ndani, tik, tik, kisha kimya.

Akafungua daftari ukurasa wa nne. Mwandiko wa Oketch ulikuwa umenyooka kama mistari ya shule: *Diski ikigoma, kofi moja ubavuni. Moja tu, na bila hasira.*

Akaipiga. Kitu kikatetemeka ndani, kikakwaruza, kisha kikapanda taratibu hadi kikawa wimbo.

"Imepona?" Ayoo aliuliza.

"Imeamka. Kwa uzee huu, mama, ikifika mahali pa kupigwa makofi, ikizimwa tena haiamki. Hii ndiyo safari yake ya mwisho."

Uani fundi mmoja alikuwa akichomelea geti, na kila alipogusa chuma, balbu ya chumbani ilififia kidogo. Wote wawili wakaitazama. Ayoo akatoka mbio, na Ciku akamsikia akimsihi fundi apumzike kidogo, hata nusu saa tu, kuna mgonjwa. Ciku akamsamehe uongo huo papo hapo.

Skrini ikajaa malalamiko. Betri ndogo iliyokuwa ikiitunzia mashine kumbukumbu ilishakufa, kwa hiyo haikujua leo ni tarehe gani. Ilidhani ni mwaka wa sabini. Haikujua hata diski yake iko wapi, ikaanza kuita msaada kupitia tundu la waya wa mtandao, ikitafuta seva ya kiwandani iliyouzwa zamani kama chuma. Iliita, ikangoja, ikaita tena. Ciku alishindwa kuitazama hivyo. Akaisimamisha kwa vitufe viwili, kama daftari lilivyosema, akaiandikia kwa mkono iwake kutoka kwenye diski yake yenyewe.

Ikawaka nusu, ikasimama tena: diski ilizimwa vibaya, faili zimevurugika, anatakiwa mkubwa wa mashine aingie azirekebishe. Paswodi ya mkubwa ilikuwa ukurasa wa kwanza, omena94, wale dagaa wa ziwani kwao, na Ciku akacheka peke yake. Akaiandika, akatoa amri ya kurekebisha, na skrini ikaanza kuteremsha mistari, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Itachukua muda," alisema. "Kama kuna chai, leta."

Chai ilikuwa kwenye thermos, na vikombe vilitolewa tena kutoka kwenye gunia. Wakakaa juu ya magodoro yaliyokunjwa.

"Alikuwa mtu wa aina gani kazini?" Ayoo aliuliza. "Nyumbani alikuwa anaongea maneno kumi kwa siku."

"Kumi? Kwetu alikuwa redio!" Ciku alisema. "Tulikuwa tunachekana mchana kutwa. Yeye ile 'sh' ilimshinda kabisa. Shuka ni suka, shati ni sati. Na Ciku kwetu inatamkwa Shiku, kwa hiyo mimi nilikuwa Siku. 'Siku, umemaliza ile suka?' Ofisi nzima inaanguka."

"Na yeye hakukasirika?"

"Akasirike kwa nini, na mimi pia alikuwa na pa kunicheka? Wiki ya kwanza nilitengeneza folda ya kuwekea michoro yangu. Nikaandika vile ninaongea. Branketi." Ciku alifunika uso kwa kiganja, miaka thelathini baadaye. "Mashine ikakubali. Oketch akapita nyuma yangu, akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia basi rekebisha, wewe ndiye fundi. Akasema, 'Wacha tu hivyo. Mashine imeshazoea.'"

"Na haya majina? Siku?"

"Ah, hiyo ni kalenda. Zilikuwa tatu: Siku, Wiki, Mwezi. Kila mashine lazima iwe na jina ndio ijulikane. Nilimwambia hana ubunifu hata kidogo."

Mistari ikaisha. Skrini ikawa nyeusi, ikasita, kisha kikafunguka kile kisanduku cha bluu cha kuingilia, na Ciku akaweka kikombe chini. Juu ya kisanduku, kwa Kiingereza, mashine ilimkaribisha kwa jina lake. Si siku, jina la mashine, kama zamani. Ilikuwa imeandika *ciku*.

Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Nani ameandika jina langu hapa?"

Ayoo alisogea akasoma. Kisha polepole akaweka mkono mdomoni.

"Auntie. Kuna siku tulikuwa tunaangalia matangazo ya vifo kwa gazeti. Akaona jina la mama mmoja. Akaniuliza, 'Hii ndiyo Siku? Inaandikwanga na C?' Nikamwambia ndio Baba, Wakikuyu wanaandika na C. Akacheka, akacheka! Akasema, 'Miaka yote hii nimekosea.' Mimi nikajua ni mambo ya gazeti tu."

Ciku alijaribu kuelewa, na alielewa nusu. Kwenye karatasi za kiwanda yeye alikuwa G. W. Njenga, na hata jina lake la kuingilia mashine lilikuwa njenga. Ciku lilikuwa jina la mdomoni tu. Oketch hakuwahi kuliona limeandikwa. Lakini kama jina la mashine lilikuwa la kalenda, kulikuwa na nini cha kurekebisha?

Akaandika njenga. Paswodi hakuikumbuka kichwani, ila vidole viliikumbuka: jina la ng'ombe wa kwao Timboroa na mwaka aliokufa. Mashine ikakubali. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa hivyo dakika nzima, ikatoa ujumbe mfupi kwamba sehemu zake hazikuweza kuwasiliana, ikamrudisha mwanzo. *Welcome to ciku.*

"Ndivyo ilimfanyia Baba," Ayoo alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. Saa ilikuwa tano na robo.

Ciku akajaribu tena, ikamrudisha tena. Paswodi ikikosewa, mashine husema. Hii haikusema hivyo. Ilimjua, ilimfungulia mlango, halafu yenyewe ikapotea ukumbini. Akapekua daftari hadi ukurasa wa kumi na tisa, akasoma kwa kidole: *Ikikurudisha mlangoni bila sababu, usilaumu paswodi. Ingia kwa njia ya maandishi matupu, uangalie jina. Mashine hujiita yenyewe kwa jina kabla ya kukupangia meza. Ikijiita na isijisikie, hakuna kitakachofunguka.*

Basi akachagua kuingia bila picha wala rangi, maandishi meupe juu ya weusi. Akaingia kama mkubwa. Kwanza akafungua faili ndogo inayoiambia mashine jina lake. Ndani mlikuwa na neno moja: ciku. Bila shaka liliandikwa Krismasi ile, mwaka juzi. Kisha akafungua ile faili nyingine, ile orodha ambamo mashine hutafuta kila jina lilipo. Humo hakukuwa na ciku. Kulikuwa na siku, wiki na mwezi, kama zamani.

Mzee alikuwa amebadilisha upande mmoja akasahau wa pili. Fundi aliyewafundisha wote kwamba jina hubadilishwa mahali pawili! Alikuwa amesahihisha herufi moja, akajifungia nje ya mashine yake mwenyewe, na hakuingia tena hadi kufa kwake.

Ciku alikuwa karibu kucheka, lakini jicho lake likashuka hadi chini ya orodha. Kulikuwa na mstari unaoanza na alama ya #. Mstari wa namna hiyo mashine huuruka, haiusomi. Huandikwa kwa ajili ya watu. Ulikuwa umekaa hapo tangu mwaka wa tisini na nne, ndani ya faili ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kuifungua.

*# siku ni mtu, si kalenda. wiki na mwezi ni za kufunika tu.*

Alisoma mara mbili. Kisha akalitazama daftari lililokuwa magotini mwake, jalada lile lililoshonwa kwa uzi. Maagizo ya Siku. Miaka yote alidhani ni maagizo ya kila siku.

Hakulia mara moja. Kwanza aliona joto usoni kama msichana, halafu hasira kidogo, kwamba mtu anaweza kukaa meza ya pili kwa miaka yote ile asiseme. Kisha hasira ikaisha. Alikuwa na Njenga wake, na Oketch alikuwa na mama yake Ayoo, na wote wawili walikuwa wameridhika na nyumba zao. Hakukuwa na kitu cha kusemwa. Kulikuwa tu na mtu aliyehitaji jina zuri la mashine, akachukua lile lililomfurahisha. Ndipo machozi yakaja, na hakuyazuia.

Ayoo alisoma juu ya bega lake. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo, hadi Ephantus alipochungulia mlangoni akauliza kama kuna msiba mwingine.

"Alitaka C," Ciku alisema, akipangusa macho. "Tumpe C yake."

Akaiongeza ciku kwenye orodha, kando ya siku, akahifadhi, akatoka. Kisanduku cha bluu kikarudi. Njenga. Ng'ombe na mwaka. Skrini ikawa nyeusi, na Ayoo akaanza kuomba kwa Kijaluo chinichini. Kisha ikaja picha ya saa ya mviringo, kisha rangi ya kijani-kijivu, kisha meza nzima ikajipanga chini ya skrini, kabati lake la faili, kalenda, kikokotoo, kila kitu pale pale alipokiacha Ijumaa ile ya mwisho.

Akafungua mchoro. Ulichorwa kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama zamani ambapo walikuwa wakienda kunywa chai na kurudi. Kwanza buluu ya alfajiri. Halafu misonobari, safu baada ya safu, kila mti mirabaraba saba. Halafu chini, kwenye nyasi, weupe mwembamba wa barafu ya asubuhi, ile aliyokuwa akiikanyaga bila viatu akipeleka maziwa barabarani.

"Woi, Auntie," Ayoo alisema. "Hii ni wewe ulichora?"

"Ni mimi."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Ayoo akapiga picha kwa simu, mara ishirini, akikaribia kila kona hadi mirabaraba ikahesabika, akazituma Kimumu kwa wajukuu pale pale. Baada ya dakika mbili simu ya Ciku ikalia mkobani. Mjukuu wake mkubwa, Nyakio, alikuwa ameandika: *Cucu kwani hii ni ya kweli?? Nani anaweza kutufumia?*

Saa ilikuwa sita kasorobo. Fundi wa uani alikuwa amechoka kumhurumia mgonjwa, chuma kikaanza kulia tena, na balbu ikafifia. Ciku akaufunga mchoro. Na hapo, dirisha lilipokunjika, akaona folda ulimotoka mchoro ule. Branketi. Oketch angeweza kuirekebisha kwa amri moja, kiwandani au Krismasi yoyote kati ya zote zile alizoiwasha na kuitazama. Hakuwahi kuigusa.

Badala ya kuzima, Ciku akaingia tena kama mkubwa. Akafungua faili ya jina. Akaifuta C.

"Auntie, unafanya nini? Si imefunguka?"

"Narudisha jina."

"Lakini Baba alisahihisha. Ni C." Ayoo alisita. "Na si umesema haitawaka tena?"

"Haitawaka," Ciku alisema. Akaandika S, herufi moja, kwa kidole kimoja. "Ciku naitwa na watu wote. Siku niliitwa na mmoja. Wacha tu hivyo. Mashine imeshazoea."

Akahifadhi. Akaandika amri ya kuzima kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Wimbo wa diski ukashuka, ukawa mkwaruzo, ukaisha.

Akaivisha kitambaa chake. Ephantus, ambaye hakuwa amekata tamaa, akaingia akaikumbatia na kuipima uzito.

"Hii ni yangu?"

"Hiyo inaenda Kimumu, kwangu. Utanibebea."

Akainama kuinyanyua, akaona karatasi ubavuni, akasoma kwa sauti. "Siku. Siku gani sasa, mama?"

"Si ya kalenda," Ciku alisema, akiibandika vizuri ile pembe iliyokuwa imebanduka. "Ni mimi. Shika polepole."